Mzee Aliyeuza Nyumba kwa Mdomo

Wapendwa, kaeni. Na ninyi wa mlangoni ingieni, mabenchi ya mbele yapo wazi kama kawaida, hayaumi.

Leo niwape mfano. Alikuwepo mzee mmoja, na naomba msianze kugeuza shingo kumtafuta, maana hayumo humu ndani. Kijiji chake hamkijui. Mkisikia tabia yake mkadhani namsema jirani yenu, hilo ni lenu na jirani yenu, mimi simo.

Mzee huyu alifanya kazi ya ukaguzi wa kahawa kwenye chama cha ushirika. Mnaolima kahawa mnalijua bambo. Ni kile chuma chembamba chenye uwazi katikati: mkaguzi anakichoma kwenye gunia, kinatoka na punje za ndani kabisa, zile ambazo mkulima hakutaka zionekane. Maana sisi wakulima nasi, jamani, tuambiane ukweli. Juu ya gunia kahawa safi, katikati maganda na vijiwe. Mnacheka? Chekeni, mnajijua. Basi mzee alichoma magunia miaka na miaka, hakuna aliyempiga chenga, akastaafu kwa heshima zake zote. Bambo akalirudisha ofisini. Ila tabia ya kuchoma alikwenda nayo nyumbani.

Muuza maziwa akimimina, mzee anachungulia kama kuna maji. Shemeji akija kumsalimia, anaangalia kwanza mikono, kaja na nini, anataka kuondoka na nini. Hata mchungaji wake akienda kumwombea, mzee anafumba jicho moja tu. Hilo jingine linalinda kabati.

Mke wake alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na kama ilivyo desturi yetu, alizikwa hapo hapo nyumbani, nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba. Watoto wawili. Wa kiume yuko Dar es Salaam na mambo yake. Wa kike, tumwite Kemilembe, ameolewa mjini, si mbali. Kemilembe wa kwaya usinikunjie uso, jina nimelibuni tu.

Siku moja Kemilembe akaenda kwa baba yake. Akamkuta amekaa gizani mchana kweupe kwa sababu luku ya umeme imeisha na hakuna wa kumtuma. Mabati yanavuja. Pampu ya kisima imekufa. Dada wa kazi kaondoka kwao bila kuaga, na huyo ni wa tatu, maana nani atakaa na mtu anayehesabu viberiti? Binti akafagia, akapika, akakaa chini kwenye mkeka, akasema:

"Baba, shikamoo tena. Nina neno, naomba unisikilize hadi mwisho. Kuna makazi ya wazee kule mlimani, nimeyaona. Kila mzee ana nyumba yake ndogo, kuna nesi, kuna mpishi, kuna wazee wenzako wa kuzungumza nao. Wanalipisha kwa mwezi. Nimepiga hesabu. Hii nyumba tukiikarabati kidogo tukaipangisha, kodi yake ukijumlisha na pensheni yako, unalipia makazi na chenji inabaki. Nyumba inabaki yako, kwa jina lako. Wewe unapumzika."

Sasa niwaulize ninyi mnaojua hesabu za nyumbani. Nyumba kubwa, mtu mmoja. Mlinzi analipwa. Dada analipwa, tena anaondoka unaanza upya. Bati hili leo, bati lile kesho. Bodaboda ya hospitali. Ndugu wanaokuja kulala wiki nzima na kuondoka na nauli. Je, hesabu ya binti inalipa au hailipi?

Inalipa! Na mzee naye aliona inalipa, maana kichwani alikuwa mzima. Na hapo hapo ndipo alipopata wasiwasi. Gunia safi juu mpaka chini? Haijapata kutokea.

Akauliza, "Na mumeo anasemaje?"

"Mume wangu? Yeye anakusalimu tu, baba."

"Ananisalimu. Na huyo mpangaji wa kukaa kwenye nyumba yangu, mmeshampata?"

"Hapana, baba. Nimesema kwanza tuzungumze."

"Haya. Nimekusikia. Nitafikiri."

Binti alipotoka, mzee akampigia mwanawe wa Dar es Salaam. Akamweleza yote. Yule kaka akavuta pumzi, akasema, "Baba, mimi sisemi kitu. Ila fungua macho." Wapendwa, mmewahi kumwona mtu anayesema yeye hasemi kitu, kisha kweli asiseme kitu? Akaendelea: shemeji yake, mume wa Kemilembe, ana madeni, viwanja vya huko vimepanda bei, kuna watu wamepelekwa kwenye makazi hayo wakarudi wakakuta nyumba ina geti jipya na mbwa wasiowajua. "Lakini mimi sisemi kitu, baba."

Mzee akakata simu, akasogea dirishani. Na alichokiona kule nyuma ya nyumba kilimmaliza. Binti yake hakuwa ameondoka. Alikuwa anatembea polepole kando ya migomba, hatua kwa hatua, midomo inacheza. Anafika mahali anasimama, anageuka, anatembea tena. Anapima!

Mzee akasema peke yake, "Anapima kiwanja. Sijafa, tayari anapima."

Hebu simameni hapo hapo dirishani na mzee. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Dirisha lilikuwa na kitasa. Angeweza kulifungua akaita, "We Kemilembe, unafanya nini huko?" Sentensi moja. Lakini mtu aliyezoea kukagua haulizi, kwa sababu anaamini ukiuliza utadanganywa. Yeye anatega.

Wiki iliyofuata binti akaja na kikapu cha ndizi na parachichi. Mzee akamngoja akae. Akakaza uso, akasema:

"Lile suala la nyumba usihangaike nalo tena. Nimeshauza."

Binti akashtuka. "Umeuza? Baba, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Yote? Hata kule nyuma?"

Mzee moyoni akasema, aha! Nimempata! Kule nyuma ndiko kwenye migomba, ndiko barabara mpya inakopita, ndiko kwenye pesa. Akamtazama binti yake, binti machozi yanamtiririka. Na yule mzee, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Akasema, "Futa machozi. Sijauza kitu. Nilikuwa nakujaribu tu. Na sasa nimekujua."

Kemilembe akainuka, akakitua kile kikapu mezani, akasema, "Kwaheri, baba." Hata chai hakuinywa. Mzee akamsindikiza kwa macho mpaka njiani, akala parachichi moja kwa raha ya mtu aliyeokoa nyumba yake.

Kesho yake asubuhi, hodi! Fundi na vijana wake, wamebeba nondo, saruji na nguzo fupi fupi.

"Shikamoo mzee. Tumekuja kwa ile kazi."

"Kazi gani? Nani kakutumeni kwenye kiwanja changu?"

"Binti yako, mzee. Ameshatulipa. Kujenga uzio mdogo kuzunguka kaburi la mama na kupanda maua. Alisema nyumba ikipata wapangaji hataki watoto wa watu waje kukanyaga pale. Vipimo alitupa yeye mwenyewe."

Mnaelewa sasa? Binti alikuwa anapima, kweli alikuwa anapima. Alikuwa anapima mahali mama yake alipolala. Na alipoambiwa nyumba imeuzwa akauliza, hata kule nyuma, alikuwa anamuuliza baba yake: umemuuza na mama? Na baba yake akamjibu kwa kutabasamu.

Mafundi walijenga uzio ule mpaka jioni. Mzee alikaa barazani, hakuwapa hata maji, si kwa ubaya, alikuwa amesahau kama kuna watu. Alijua. Safari hii hakuna haja ya kuchoma kitu. Alijua amemkosea mtoto wake vibaya sana.

Sasa wewe unasema, si achukue simu? Achukue simu aseme, mwanangu nisamehe? Ee! Hamtujui sisi wazazi? Mzazi amwombe mtoto radhi? Dunia itaelekea wapi? Mzee akajiambia, atakuja mwenyewe, ni mwanangu, hasira zitapoa. Nitampa mbuzi, ataelewa. Nitamsalimia kwa sauti ya upole, ataelewa. Yaani alitafuta kila njia ya kupita ili mradi asipite kwenye lile neno. Na Kemilembe hakuja. Alituma dawa za presha kwa bodaboda, kila zilipokaribia kwisha, bila salamu.

Ikaja mvua ya masika, mzee akapata homa. Akalala peke yake kwenye nyumba ile kubwa, maji ya bati yanadondoka chumba cha pili, kila tone analisikia, hana nguvu ya kwenda kuweka ndoo. Jirani ndiye aliyemkuta, alikuja kuomba panga. Mzee alipopata nafuu akasema, imetosha. Yule mtoto alisema kweli. Nitakwenda kwenye hayo makazi mwenyewe kwa miguu yangu.

Akaenda. Hakutoa taarifa, ndiyo zake. Akawafikia saa ya chakula makusudi, aone wanakula nini hasa. Akaonja maharage. Akabonyeza godoro. Akafungua bomba akaangalia kama maji yanatoka au ni bomba la kuonyeshea wageni. Akamvuta pembeni bibi mmoja akamnong'oneza, "Wanawapiga hapa?" Yule bibi akamjibu, "Wanatulazimisha kuoga asubuhi, kama unaita huko ni kupigwa." Kisha akakaa mbele ya msimamizi, mama mmoja nesi mstaafu, mwenye sura ya kutokuchekacheka ovyo.

"Mkipandisha bei, mnatoa taarifa lini?"

Akajibiwa.

"Nikifa mwezi wa kwanza, pesa niliyotanguliza inakwenda wapi?"

"Inarudi kwa familia yako, tukikata siku ulizokaa."

"Nikiugua kitandani, bei ni ile ile?"

"Hapana, mzee. Inaongezeka. Nakuambia sasa ili usije kutulaumu."

Na niseme hapa, kwa maswali hayo mzee alifanya vizuri. Tena vizuri sana! Pesa ya uzeeni ikipotea haina pa kutafutwa tena, na matapeli wapo, wengine wanavaa misalaba mikubwa kuliko wangu. Uliza. Onja maharage. Bonyeza godoro. Mungu hakukataza.

Mzee akajumlisha, akatoa, akarudia. Inalipa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akachoma gunia likatoka safi, na akakubali kuwa ni safi. Akasema, "Mama, nimeridhika. Naja mwezi ujao."

Yule mama akasema, "Wewe umeridhika, mzee. Sisi bado."

"Bado nini? Pesa ninayo."

"Pesa nimeiona. Hapa hatupokei mtu asiye na mdhamini. Tumeletewa wazee wakaachwa getini, namba za simu za uongo, mpaka tumezika watu tusiojua kwao. Kwa hiyo tunataka ndugu mmoja anayekubali kwa mdomo wake kwamba ukiugua atakuja, na ukifa atakuja. Haleti hela. Anakuja tu. Nani nimpigie?"

Mzee akafungua mdomo. Akamfikiria yule wa Dar es Salaam asiyesema kitu. Akampita. Akawafikiria shemeji, binamu, majirani, wote aliokwisha kuwaangalia mikono. Akawapita. Akabaki na jina moja.

"Mpigie binti yangu. Kemilembe."

Msimamizi akapiga, akaweka simu mezani, akafungua spika.

"Haloo, mama. Napiga kutoka makazi ya wazee, mlimani. Baba yako yuko hapa mbele yangu. Amependa kuhamia kwetu, na amekutaja wewe kuwa mdhamini wake. Unakubali?"

Kimya.

"Mama, upo?"

"Nipo. Amenitaja yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Sauti ikatoka, si ya hasira, ni sauti ya mtu aliyechoka:

"Mama yangu, samahani sana kwa usumbufu. Baba yangu ananijaribu. Anataka kusikia kama nitafurahi akihama nyumbani. Mwambie nyumba yake siitaki. Mwambie akae nyumbani kwake, dawa nitaendelea kutuma."

Mzee akaiinamia ile simu kwa mikono miwili. "Kemilembe! Mwanangu! Sikujaribu! Nimechoka, mwanangu, nataka kuhama, na nataka wewe ndiye uje. Ni kweli! Naapa ni kweli!"

Na binti akasema, "Siku ile pia nilikuuliza kama ni kweli, baba. Ukasema ni kweli."

Simu ikakatika.

Mnanitazama. Mnangoja niwaambie kwamba binti alipanda gari akaja mbio, wakakumbatiana pale getini, na kwaya ikaimba. Sitawaambia hivyo. Mfano unaishia kwenye simu iliyokatika, kwa sababu wapo humu ndani ambao maisha yao yameishia hapo hapo.

Sisi, wapendwa, na nasema sisi wazazi kwanza. Sisi tunajisifu kwamba hatudanganyiki. Mke akitabasamu, tunajiuliza kuna nini. Mtoto akituletea sukari, tunatafuta anachokitaka. Tunasema "nilikuwa nakujaribu tu" kana kwamba ni mchezo. Kumbe kila mara tunapomtega mtu kwa uongo, tunamfundisha kwamba neno letu ni mtego. Halafu inakuja siku ya shida, siku ya kitanda, tunasema ukweli mtupu kwa machozi, na hakuna anayeweza kutusadiki. Yule binti hakuwa na moyo mbaya. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Nani alimfundisha?

Na ninyi mlio mbali, mnaopigia simu wazazi na kusema hamsemi kitu, leo jioni pigeni tena, mkaseme kitu.

Piga hesabu za uzee wako, nakubali. Jua bei, jua kodi, jua pensheni itafika wapi. Lakini tukifikia lile swali la mwisho la msimamizi, hapo hakuna pesa inayosaidia. Ukiulizwa leo, nani nimpigie, utataja nani? Umelipata jina? Na mwenye jina hilo akiisikia sauti yako, atasadiki?

Yupo humu mmoja wetu aliyemkosea mtoto wake, na tangu siku ile anajua, na amekuwa akituma mbuzi. Mbuzi hawezi kusema nisamehe. Ni wewe unayeweza.

Mlipoingia, mzee wa kanisa alisema zimeni simu. Mimi nasema washeni. Mzee wa kanisa usinitazame hivyo, leo ni leo. Tokeni nje, simameni pale uani, pigeni. Usianze kwa kumwambia unampenda, atashtuka akadhani umelazwa. Mwambie, "Nilikukosea. Sikujaribu, nasema kweli. Nisamehe." Akikata, piga tena. Akikata tena, nauli ya kwenda kwake ni ile uliyoiweka kwenye bahasha ya sadaka. Itoe humo. Mungu atangoja, nami nitangoja hapa.